Saa Tisa na Dakika Thelathini na Sita

"Samahani kijana, umesimama uwanjani."

Mzee aliyeniambia hivyo alikuwa na kiti cha kukunja begani na kofia nyeusi yenye herufi P ya rangi ya dhahabu. Nikageuka kutazama nyuma. Barabara. Magari yameegeshwa. Mwanafunzi anapita huku anatafuna mkate. Mbele yangu ukuta wa matofali mekundu, nusu yake umefunikwa na mimea itambaayo. Uwanja gani tena?

Nikamwomba radhi, nikasogeza stendi ya kamera hatua tatu kushoto.

Akatikisa kichwa. "Bado umo."

Ilikuwa tarehe 13 Oktoba, saa sita mchana na ushei, mtaa wa Oakland hapa Pittsburgh. Wiki sita zimepita na maneno yale hayajaniacha. Mwanzoni niliyacheka, maana kijana mwenyewe nina miaka 45. Halafu yakaanza kunifuata kazini usiku, nikipanga vichupa vya damu maabara. Bado umo. Kwenye basi la alfajiri, bado umo.

Kwa hiyo naandika, labda yatanitoka.

Nilichofuata pale

Mnaonisoma siku nyingi mnajua ugonjwa wangu. Napiga picha viwanja vya besiboli. Wachezaji siwapigi. Napiga nguzo, ngazi, minara ya taa, safu za viti, kibao cha matokeo. Na navipenda vikiwa vitupu. Naingia mageti yakifunguliwa tu, kabla umati haujajaa, au nabaki mpaka wafagiaji waanze kupita na mifuko yao na mlinzi aje aniambie, kwa upole ambao kila dakika unapungua, kwamba muda umekwisha. Wrigley Field kule Chicago nilisimama dakika 40 nikiisubiri familia moja imalize kujipiga picha chini ya kibao cha matokeo, kile cha zamani ambacho namba zake hadi leo zinabadilishwa kwa mkono. Baba, mama, watoto watatu, bibi. Walipoondoka wingu likaja. Nikawalaumu wao.

Ukuta wa Oakland nilikuwa nimeuweka kiporo miaka. Huo ndio uliobaki wa Forbes Field, uwanja uliofunguliwa mwaka 1909, ukafungwa mwaka 1970 na kuanza kubomolewa mwaka uliofuata. Kipande cha ukuta, na mlingoti wa bendera. Kwenye matofali kumeandikwa kwa rangi nyeupe 457 FT, yaani futi 457 kutoka aliposimama mpigaji, kama mita 139. Nilitaka picha moja safi ya namba ile. Bila mtu, bila gari, jua limeinama kidogo ili matofali yatoe vivuli.

Nilijua kwamba kila tarehe 13 Oktoba watu hukusanyika pale. Nani hajui katika mji huu? Ndiyo siku ambayo Bill Mazeroski, mwaka 1960, aliupiga mpira ukavuka ukuta na Pirates, timu ya hapa, wakawashinda Yankees wa New York na kutwaa ubingwa wa Marekani. Nilidhani watafika saa tisa, watapiga makofi, watakwenda zao. Nikapanga kuwawahi.

Sikuwawahi.

Meza ndogo

Kufikia saa saba walikuwa wamejaa. Viti vya kukunja, makoti, vyupa vya kahawa, watoto waliotoroshwa shule au labda walipewa ruhusa, sijui. Mtu mmoja kavaa jezi namba 9, ya Mazeroski. Wengine, wengi kuliko hao, namba 21 ya Roberto Clemente, nyota wao mwingine. Meza ndogo ikafunguliwa, juu yake kikawekwa kipaza sauti.

Nilikasirika, na ninalisema hilo kwa sababu ndilo linaloniuma. Nilisimama pembeni na kamera yangu kama mwenye nyumba aliyevamiwa na wageni. Sikuja kwenye mandari, nikajisemea.

Desturi ile ilianzishwa mwaka 1985 na shabiki mmoja, Saul Finkelstein, aliyekuja pale peke yake na kinasa sauti chake, akaketi chini ya mlingoti, akajichezea kanda ya matangazo ya redio ya mechi nzima. Mwaka uliofuata akarudi. Watu wakamjua, wakaanza kuja na viti. Yeye ameshafariki, lakini kanda inaendelea, na wanaianzisha kwa saa ileile ya mechi, ili mpira wa Mazeroski uondoke kwa dakika ileile ulipoondoka siku ile: saa tisa na dakika thelathini na sita alasiri.

Saa saba na dakika tano kipaza sauti kikakwaruza. Ukaja uvumi wa umati, kama mvua inayokuja kutoka mbali juu ya mabati, na ndani ya uvumi ule sauti ya mtangazaji.

Mikono yangu ikaacha kushika kamera.

Sauti ile naijua. Mtangazaji simjui, sauti naijua.

Barabara ya Kumi na Mbili

Tanga, Ngamiani, kibarazani kwa mjomba. Redio ni National ya betri nne, antena yake imeungwa waya wa shaba unaopanda hadi kwenye mwarobaini. Betri zikichoka zinaanikwa juani asubuhi ili zimalize walau kipindi cha pili jioni. Mwaka 1988, mwaka ambao Coastal Union ilichukua ubingwa wa ligi na mjomba akapoteza sauti kwa wiki nzima, nilikuwa na miaka 8, na Uwanja wa Taifa wa Dar es Salaam sikuwa nimewahi kuuona.

Nilikuwa nausikia.

Mtangazaji wa Radio Tanzania alianza kwa kutupangia: timu hii inashambulia kutoka kusini kwenda kaskazini. Basi kaskazini ilikuwa upande wa msikiti, kusini upande wa kisima. Wazee wanne watano wamekaa kwenye mkeka, na hakuna hata mmoja anayeitazama redio. Wanautazama mpira. Mjomba macho yake yalikuwa juu ya bati la nyumba ya jirani, maana hapo ndipo lilipokuwa lango la kaskazini, na siku moja shuti lilipogonga mwamba aliinamisha kichwa kidogo kama anayekwepa. Niliona kwa macho yangu. Jirani mwenyewe alikuwa shabiki wa African Sports, kwa hiyo mjomba alikuwa na sababu zake za kulitazama bati lile kwa hasira.

Uwanja nilioujenga kichwani ulikuwa mkubwa mno, na kwa sababu ambazo sizikumbuki ulikuwa na minazi. Nilipofika Dar nikiwa na miaka 19 nikapelekwa kuuona. Haukuwa na minazi. Mjomba aliniuliza baadaye, "Vipi, umeuonaje?" Nikamwambia mzuri sana. Nilimdanganya. Mzuri ulikuwa ule wa kibarazani.

Nadhani ugonjwa ulianzia hapo.

Na besiboli nayo niliisikia kabla ya kuiona. Mwaka wangu wa kwanza Pittsburgh nilifanya kazi ya usiku kwenye kibanda cha maegesho ya magari, na niliyempokea zamu aliniachia redio. Sikuelewa lolote. Mrushaji, mpigaji, straiki, yote kelele. Lakini mwendo wake niliuelewa mara moja: kimya kirefu, umati unavuma, mtangazaji anazungumzia hali ya hewa na jina la mbwa wa mtu, halafu kishindo kikavu cha gongo na mpira, na sauti inapanda. Sauti inapopanda namna ile hahitajiki mkalimani.

Nilikuja kusoma baadaye, baada ya hii Oktoba, kwamba mechi ya kwanza ya ligi kuu ya besiboli kutangazwa redioni ilirushwa na kituo cha KDKA tarehe 5 Agosti 1921. Ilirushwa kutoka Forbes Field.

Kutoka pale pale nilipoambiwa nisogee.

Utetezi wangu wa siku zote

Kabla sijaendelea kujishtaki, acheni nijitetee.

Mpira wa miguu tumezoea kwamba goli ni goli, Mkwakwani au Wembley. Besiboli haiko hivyo, na wasioipenda hawajawahi kuambiwa. Kutoka kituo hadi kituo, vile anavyokimbilia mpigaji, ni mita 27.4 kila mahali duniani. Kutoka kwa mrushaji hadi kibao cha nyumbani, anaposimama mpigaji, mita 18.44. Hivyo havigusiki. Lakini ukuta wa nyuma? Kila mji na wake. Fenway Park ya Boston ilijengwa mwaka 1912 ikabanwa na barabara upande wa kushoto, kwa hiyo ukuta uko karibu, futi 310 tu, lakini umesimama wima mita 11 na zaidi. Wrigley ukuta umeota majani, na mpira ukipotelea humo mchezaji ananyanyua mikono juu kama aliyekamatwa na polisi, mpigaji anapewa vituo viwili, mchezo unaendelea. Hapa kwetu PNC Park ukuta wa kulia una urefu wa futi 21, kwa heshima ya jezi ya Clemente.

Na Forbes Field, zile futi 457. Mbali kiasi kwamba kizimba cha mazoezi ya kupiga kilikuwa kinaachwa kule kule ndani ya uwanja wakati mechi inachezwa. Mpira ambao Boston ungekuwa homurani, yaani pigo linalovuka ukuta, Pittsburgh ulidakwa, mtu akarudi kuketi benchi akitukana moyoni.

Kwa maneno mengine uwanja unacheza. Una tabia, una upendeleo, una ukorofi. Ndiyo maana nikasema miaka yote hii kwamba picha zangu hazikosi mtu. Uwanja ndiye mtu.

Hoja hiyo naipenda bado. Mke wangu nikimweleza ananitazama, halafu anauliza kama nimelipa bili ya umeme.

Daraja

Lakini ipo picha moja.

Tarehe 26 Aprili 2017, PNC Park, Pirates na Cubs wa Chicago. Jua linazama, na nyuma ya kuta kuna mto Allegheny na daraja la Roberto Clemente, la chuma, limepakwa rangi ya manjano. Kwa dakika kama kumi hivi, mbingu inapogeuka kuwa ya samawati iliyoiva na taa za daraja zimewaka, rangi ile inakuwa kama ya embe dodo. Nilikuwa nimepanga picha hiyo tangu Machi. Nikaacha kiti changu, nikateremka kwenye njia ya kando ya mto, nikaupa uwanja mgongo.

Nyuma yangu umati ukalipuka.

Si ule ukelele wa homurani, ninaujua. Ulikuwa na kitu kingine ndani yake, kama watu wanavyomshangilia mtoto aliyesimama dede. Nikasema nitaangalia baadaye. Nikapiga picha ya daraja. Nikapiga nyingine.

Alikuwa Gift Ngoepe, wa Afrika Kusini. Mchezaji wa kwanza aliyezaliwa na kukulia Afrika kucheza ligi kuu ya Marekani, tangu ligi iwe ligi. Mtoto aliyelelewa kwenye jengo la klabu ya besiboli kule Randburg, ambako mama yake alikuwa akifanya kazi. Ameingia mara ya kwanza, amesimama mara ya kwanza mbele ya Jon Lester, bingwa wa dunia wa mwaka uliotangulia, na ameupiga.

Na Mtanzania mmoja aliyekuwemo uwanjani, aliyelipa tiketi, alikuwa anapiga picha daraja.

Picha ni nzuri. Nilishawahi kuiuza. Kila nikiiona nasikia ule ukelele mgongoni.

Mahali pasipo na kitu

Nilijaribu kujiponya kwa njia yangu. Nikaanza kutafuta viwanja visivyokuwepo, nikidhani kwamba pale ambapo hakuna mechi siwezi kuikosa.

Ndivyo nilivyofika Bedford Avenue, mtaa wa Hill District. Mwaka 1932 Gus Greenlee, tajiri Mweusi wa mtaa ule, alijenga uwanja wake mwenyewe, Greenlee Field, kwa timu yake ya Pittsburgh Crawfords. Sababu haikuwa fahari peke yake. Timu za Weusi zilikodisha Forbes Field Pirates wakiwa safarini, zikalipa kodi, lakini hazikuruhusiwa kuvalia kwenye vyumba vya wachezaji. Unalipa nyumba, unavalia nje. Akajenga yake. Pale wamecheza Satchel Paige, Cool Papa Bell, Oscar Charleston, na Josh Gibson, mdakaji aliyepiga kama hakuna kesho.

Uwanja ulivunjwa mwaka 1938, zikajengwa nyumba za serikali.

Nikasimama na kamera. Nyumba za matofali, kibao cha kumbukumbu, mama mmoja anatoa takataka. Nikapiga picha 30 na hakuna hata moja yenye kitu ndani yake. Gibson alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu kabla Jackie Robinson, mchezaji Mweusi, hajafunguliwa mlango wa ligi kuu iliyokuwa imewafungia Weusi. Mwaka 2024 ligi kuu ikaziingiza rasmi takwimu za ligi za Weusi, na wastani wake wa kupiga, .372, ukampita Ty Cobb aliyekuwa anaongoza, ukawa wa juu kuliko wa mtu yeyote. Yote hayo yamo kwenye vitabu. Kwenye picha zangu ni mama na takataka zake, na hata huyo nilimkata fremuni.

Sasa najiuliza angenieleza nini kama ningemsalimu.

Zamu ya nane

Tarehe 13 Oktoba, basi. Kamera ya shingoni, hasira imepungua, nimekaa juu ya begi langu kwa sababu sikuwa na kiti. Yule mzee wa bado umo alikuwa karibu yangu. Alinipa kikombe cha kahawa bila kuuliza kama nataka.

Mechi ile tunaijua matokeo. Kila mtu pale anaijua kwa moyo, rusho kwa rusho, kuliko watu wanavyojua siku za kuzaliwa za watoto wao. Hakuna mpigaji hata mmoja aliyetolewa kwa straiki tatu, yaani kwa kushindwa kuupiga mpira mara tatu, mechi nzima, wanakwambia, jambo ambalo halijatokea katika fainali nyingine yoyote. Na bado walikuwa na wasiwasi. Yankees walipopata pointi, mtu nyuma yangu alisonya. Mechi ya mwaka 1960!

Zamu ya nane kati ya tisa, Yankees wanaongoza 7 kwa 4. Bill Virdon wa Pirates anaupiga mpira chini, mrahisi, unakwenda moja kwa moja kwa Tony Kubek wa Yankees, wa kuuokota na kuwatoa watu wawili kwa mpigo. Mzee akaniwekea mkono juu ya goti. Nyamaza, alikuwa anamaanisha, ingawa sikuwa nasema kitu.

Mpira ukagonga kitu ardhini. Kijiwe, kituta, hakuna ajuaye. Ukaruka ukampiga Kubek kooni. Akaanguka, akatolewa, akapelekwa hospitali. Badala ya wawili kutoka hakutoka hata mmoja, na kabla zamu haijaisha Pittsburgh walikuwa na pointi tano mpya, 9 kwa 7.

Miaka yote nimekuwa nikisema uwanja unacheza. Hapa ulicheza kweli, ulimpiga mtu koo. Na kuta nilizopiga picha hazina habari. Ule udongo wenyewe uko chini ya majengo ya chuo kikuu. Kilichobaki cha kijiwe kile ni kimya cha watu mia kadhaa wanaosubiri kiruke tena.

Yankees wakasawazisha, 9 kwa 9. Zamu ya tisa, nusu yake ya pili, Pittsburgh ndio wanaopiga. Watu wakaanza kusimama, mmoja mmoja, magoti yanalia. Mzee akavua kofia.

Nami nikasimama. Kamera ilikuwa kiunoni.

Mtangazaji wa redio siku ile, Chuck Thompson, ambaye alikuwa fundi wa kazi yake, alichanganyikiwa kama wengine wote. Akasema anayerusha ni Art Ditmar. Aliyekuwa anarusha ni Ralph Terry. Ditmar alikuwa anapasha mwili moto pembeni. Na mpira ulipovuka ukuta wa kushoto, Yogi Berra wa Yankees akiusindikiza kwa macho, Thompson akautangazia ulimwengu kwamba Pittsburgh wameshinda kumi kwa sifuri. Akajirekebisha baadaye. Kanda haijarekebishwa. Kila mwaka inafika pale, na umati mzima, katikati ya vifijo, machozi na kupigana vikumbo, unamzomea kwa mapenzi.

Mjomba wangu naye alikuwa na watangazaji wake wa kuwazomea. "Huyu kapofuka," alikuwa anasema, yeye aliyekuwa Tanga, akimwambia mtu aliyekuwa uwanjani Dar.

Saa tisa na dakika thelathini na sita. Kidole changu kilibonyeza. Sikuangalia.

Mafaili

Nilirudi nyumbani nikafuta. Ndivyo nifanyavyo kila mara: naziweka kwenye kompyuta, zenye watu zinakwenda, zisizo na watu zinabaki. Siku ile karibu zote zilikuwa na watu. Nilikuwa nafuta haraka haraka nikiwa na usingizi, na ile moja ikabaki kwa sababu imekaa upande na kwenye orodha haikuonekana vizuri ni nini.

Niliiona wiki moja baadaye. Imepigwa kutoka kiunoni, imeinama kushoto. Ukuta haumo. Namba 457 haimo. Meza na kipaza sauti havimo. Kuna watu kama kumi na wawili kutoka magotini kwenda juu, mmoja kakatwa kichwa. Yule mzee yuko mbele, kofia mkononi, mdomo wazi kidogo. Hakuna anayetazama mahali pamoja na mwenzake. Mwanamke mwenye jezi namba 21 anatazama ardhi. Kijana mmoja kafumba macho. Mzee anatazama juu, kushoto, kule ambako siku hizi kuna lami ya barabara na mstari wa matofali uliotiwa kwenye njia ya waenda kwa miguu kuonyesha ukuta ulipopita.

Nikakuza uso wake. Macho yako juu, yamekaza, yanafuata kitu.

Sitaki kuidanganya blogu hii kwamba nimeokoka. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwenye kiwanja cha watoto mtaani nikajaribu kupiga picha watu. Zimetoka vibaya. Watoto wananyoosha vidole viwili, wazazi wananiuliza mimi ni nani, na katika nusu ya picha umakini uko kwenye uzio. Na kiwanja kitupu saa moja asubuhi, umande juu ya majani na mistari ya chokaa haijakanyagwa, bado kinanifanya nisahau kupumua. Sioni aibu kwa hilo. Ninachoshindwa kujibu ni kwa nini nilikuwa tayari kuifuta picha pekee niliyowahi kupiga ambayo mpira unaonekana ndani yake.

Juzi nilimtumia mjomba. Sikuandika maelezo, niliandika shikamoo tu. Siku hizi macho yake yanahitaji msaada, mjukuu ndiye humkuzia picha kwenye simu. Kulipokucha Tanga ikaja sauti yake, jogoo nyuma anawika.

"Marahaba mpwa wangu. Picha nimeiona. Hao watu wanasikiliza mpira."

Nikakaa kitako kwenye ngazi za maabara, nikaisikiliza mara mbili. Kabla sijajibu ikaja nyingine.

"Nani kashinda?"

Nikamwambia Pittsburgh, mjomba. Kumi kwa tisa.

Kimya kirefu. Alama ya kurekodi ikatokea, ikapotea, ikatokea tena.

"Kumi kwa tisa! Hao makipa walikuwa wapi?"